Dozi na ratiba ya homoni wakati wa kukoma hedhi: mwongozo wa hatua kwa hatua

Ratiba ya homoni za kukoma hedhi hujengwa juu ya maswali mawili. Mji wa mimba bado upo, au ulishatolewa? Na mara ya mwisho uliona siku zako lini? Mengine yote, kuanzia ukubwa wa dozi hadi saa ya kumeza, hufuata majibu ya hayo mawili.

Nimeandika kwa urefu kwa sababu moja. Wanawake wengi hupewa dawa mbili, estrojeni na projesteroni, bila kuelezwa kila moja inafanya kazi gani, halafu ile inayowaletea usingizi au huzuni wanaiacha kimya kimya. Mara nyingi hiyo iliyoachwa ndiyo inayowalinda dhidi ya saratani. Anayejua kwa nini kila dawa imo kwenye ratiba yake hawezi kuichezea.

Dawa hizi hutolewa kwa maelekezo ya daktari. Viwango utakavyosoma hapa ni vya kukusaidia kuelewa ulichoandikiwa na kuuliza maswali yenye uzito. Usivitumie kujiandikia dawa.

Hatua ya 1: Jua ulipo

Hedhi huhesabiwa kuwa imekoma pale miezi 12 inapopita bila damu. Kwa wengi hilo hutokea wakiwa na umri wa takriban miaka 51. Miaka kadhaa kabla ya hapo mzunguko huanza kuyumba: siku zinakaribiana, zinaachana, damu inakuwa nyingi kuliko kawaida au kidogo mno. Joto la ghafla, jasho la usiku, usingizi wa mang'amung'amu na hasira zisizo na sababu vinaweza kuanza wakati hedhi bado inakuja, na matibabu yanaweza kuanza wakati huohuo. Si lazima usubiri mwaka mzima upite.

Ukiwa na zaidi ya miaka 45 na dalili zako ni hizo zinazojulikana, kwa kawaida huhitaji kupimwa homoni kwenye damu. Katika kipindi hiki homoni hupanda na kushuka kila mara, na kipimo cha leo kinaweza kupingana kabisa na cha wiki mbili zijazo. Chini ya miaka 45 vipimo vina maana. Chini ya miaka 40 ni lazima, kwa kuwa mwanamke ambaye vifuko vyake vya mayai vimekoma kufanya kazi mapema hivyo ana mahitaji tofauti: dozi yake huwa kubwa zaidi, mara nyingi kibandiko cha ngozini cha mikrogramu 75 hadi 100 au kidonge cha estradioli (aina ya estrojeni) cha miligramu 2 au zaidi, na anashauriwa kuendelea angalau hadi umri ambao wenzake hukoma hedhi kwa kawaida. Kwake yeye homoni hizi zinarudisha kile ambacho mwili ulipaswa kuwa nacho bado. Mifupa yake na moyo wake vinazihitaji.

Hatua ya 2: Mweleze daktari kila kitu

Kuna hali ambazo kwa kawaida humzuia mwanamke kutumia homoni hizi: saratani ya matiti aliyo nayo au aliyowahi kuwa nayo, damu ya ukeni ambayo chanzo chake hakijajulikana, damu iliyoganda mguuni au kwenye mapafu, mshtuko wa moyo au kiharusi cha karibuni, na ugonjwa mkali wa ini. Presha iliyo juu haikufungii mlango, ila ishushwe kwanza. Kipandauso nacho si kizuizi, lakini hukuelekeza kwenye kibandiko au jeli badala ya kidonge.

Taja pia dawa zote unazotumia. Rifampisini ya kifua kikuu, dawa za kifafa kama karbamazepini na fenitoini, na baadhi ya dawa za kupunguza makali ya VVU kama efavirenzi huharakisha ini kuivunja estrojeni, na dozi inaweza kuonekana haifanyi kazi. Lamotrijini, nayo ya kifafa, ni kinyume chake: estrojeni ndiyo inayoipunguza, na kifafa kilichokuwa kimetulia kinaweza kurudi. Anayemeza levothairoksini kwa ajili ya tezi ya shingo huenda akahitaji kuongezewa dozi akianza estrojeni ya kumeza, hivyo tezi ipimwe tena baada ya wiki 6 hadi 12. Dawa za mitishamba pia zitajwe.

Kama huwezi kutumia homoni kabisa, usikubali kuambiwa uvumilie tu. Baadhi ya dawa za sonona kwa dozi ndogo, gabapentini, na fezolinetanti ya miligramu 45 kwa siku, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, hupunguza joto la ghafla bila homoni. Anayetumia tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti, asipewe paroksetini, kwani huidhoofisha tamoksifeni.

Kuhusu hofu ya mwaka 2002

Huenda umesikia kwamba homoni hizi huleta saratani na magonjwa ya moyo. Chanzo kikuu cha hofu hiyo ni utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa Julai 2002, uliohusisha wanawake 16,608 wenye mji wa mimba. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63, yaani wengi wao walikuwa wamekoma hedhi zaidi ya miaka kumi nyuma. Walipewa estrojeni itokanayo na mkojo wa farasi wenye mimba, miligramu 0.625, pamoja na medroksiprojesteroni (projesteroni ya kutengenezwa) miligramu 2.5, zote za kumeza. Katika kila wanawake 10,000 kwa mwaka mmoja, saratani za matiti ziliongezeka kwa 8, viharusi 8, na damu kuganda kwenye mapafu 8. Kuvunjika kwa nyonga kukapungua kwa 5. Katika kundi jingine la utafiti huo, la wanawake waliokwisha kutolewa mji wa mimba na kupewa estrojeni peke yake, saratani ya matiti haikuongezeka.

Hatari ipo, na sitaki kuificha. Lakini ni hatari ya dawa fulani, kwa njia fulani, kwa wanawake wa umri fulani. Kwa mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu hedhi ikome, na anayesumbuliwa na dalili, faida kwa kawaida huzidi hatari. Nasikitika kwamba wanawake wengi waliteseka miaka mingi bila msaada kwa sababu tofauti hiyo haikuelezwa vizuri.

Hatua ya 3: Chagua njia ya estrojeni

Estrojeni ndiyo inayotuliza joto, jasho na kukosa usingizi. Hupunguza idadi ya vipindi vya joto la ghafla kwa karibu robo tatu, na ndiyo dawa inayosaidia zaidi kwa dalili hizi.

Vidonge vya estradioli huwa vya miligramu 0.5, 1 na 2, kimoja kwa siku, saa ileile kila siku. Vibandiko hutajwa kwa kiasi kinachoingia mwilini kwa saa 24: mikrogramu 25, 37.5, 50, 75 na 100. Vingi hubadilishwa mara mbili kwa wiki, vingine mara moja, kwa hiyo soma pakiti yako. Jeli hupakwa kila siku. Katika aina inayotumika sana, kubonyeza chupa mara moja hutoa miligramu 0.75 ya estradioli.

Kwa kulinganisha, kibandiko cha 50 hukaribiana na kubonyeza jeli mara mbili, na hukaribiana na kidonge cha miligramu 1 hadi 2. Ulinganisho huu si wa kupimwa kwa mizani, kwa kuwa ngozi hazifanani. Wapo wanaonyonya nusu tu ya kile anachonyonya mwenzao kwenye kibandiko kilekile.

Nikiulizwa, ningeanza na ngozi. Kidonge hupita kwenye ini kwanza, na ini huongeza viambata vya kugandisha damu. Kibandiko na jeli kwa dozi za kawaida havijaonekana kuongeza hatari ya damu kuganda. Kwa mwenye uzito mkubwa, mvutaji sigara, mwenye kipandauso, au mwenye ndugu wa karibu aliyewahi kupata damu kuganda, tofauti hiyo ni kubwa. Kidonge kinabaki kuwa chaguo zuri kwa mwanamke mwenye afya ambaye ngozi yake haivumilii gundi, au ambaye hicho ndicho anachoweza kukipata.

Hatua ya 4: Projesteroni, na kwa nini hairukwi

Kama mji wa mimba wako ulitolewa wote, hatua hii kwa kawaida haikuhusu. Estrojeni peke yake inatosha. Wanaopaswa kuuliza zaidi ni waliobakiziwa shingo ya kizazi na waliokuwa na endometriosi kali (utando kama wa mji wa mimba unaoota nje yake).

Kama mji wa mimba upo, soma hapa mara mbili. Estrojeni huotesha utando wa ndani ya mji wa mimba kama mvua inavyootesha nyasi, na projesteroni ndiyo fyekeo. Bila fyekeo, utando hunenepa mwaka baada ya mwaka hadi chembe zake zinaweza kugeuka saratani. Hili si jambo la kinadharia. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba wanawake waliokuwa wakitumia estrojeni peke yake walipata saratani ya utando huo mara kadhaa zaidi ya wenzao. Tangu hapo projesteroni ikawa sehemu ya lazima ya ratiba.

Ratiba zenyewe ni mbili, na hapa ndipo swali la hedhi yako ya mwisho linapoingia.

Ratiba ya mzunguko ni ya mwanamke ambaye bado anaona siku zake, hata kama zinakuja ovyo, au ambaye hajatimiza mwaka tangu zikome. Estrojeni hutumika kila siku bila kupumzika. Projesteroni huongezwa kwa siku 12 hadi 14 za kila mwezi: kapsuli za projesteroni asilia miligramu 200 wakati wa kulala, au medroksiprojesteroni miligramu 10, au didrojesteroni miligramu 10. Kama mzunguko wako bado unaeleweka, hesabu siku ya kwanza ya damu kuwa siku ya 1, na uanze projesteroni siku ya 15. Kama haueleweki, fuata kalenda ya ukutani: projesteroni kuanzia tarehe 1 hadi tarehe 12 ya kila mwezi, basi. Damu itakuja mwishoni mwa siku hizo au siku chache baadaye. Ndivyo inavyotakiwa, utando unatoka.

Ratiba ya mfululizo ni ya aliyetimiza mwaka bila hedhi. Estrojeni kila siku na projesteroni kila siku, kwa dozi ndogo zaidi: kapsuli ya miligramu 100 kila usiku, au medroksiprojesteroni miligramu 2.5 hadi 5. Hapa hakuna damu inayotarajiwa baada ya miezi ya mwanzo. Ukianza ratiba hii mapema mno, vifuko vyako vya mayai bado vinatoa homoni zake, na utapata matone ya damu yasiyo na mpangilio.

Aliyeanza na mzunguko hatajua hedhi yake mwenyewe ilikoma lini, maana dawa inamletea damu kila mwezi. Kwa hiyo huhamishiwa kwenye mfululizo akifika takriban miaka 54, au kabla hajapitisha miaka mitano kwenye mzunguko. Usikae humo milele: kwa miaka mingi, mfululizo hulinda utando vizuri zaidi.

Njia ya tatu ni kitanzi chenye levonogestreli (homoni ya jamii ya projesteroni) miligramu 52. Hulinda utando kwa miaka 5, huzuia mimba, na hupunguza damu nyingi. Ukiwa nacho, unabandika estrojeni yako tu. Kwa mwenye damu nyingi ya miaka ya mwisho, sijui chaguo linalomfaa zaidi ya hilo.

Kapsuli ya projesteroni asilia humezwa usiku kwa sababu inaleta usingizi, jambo ambalo wengi hulifurahia. Imeze bila chakula, kwani chakula huongeza kiasi kinachoingia kwenye damu na unaweza kuamka na kizunguzungu. Baadhi ya kapsuli zina mafuta ya karanga, hivyo mwenye mzio aulize. Tafiti za ufuatiliaji zinaonyesha pia kwamba projesteroni asilia na didrojesteroni zina hatari ndogo zaidi kwa matiti kuliko dawa za zamani za jamii ya projesteroni.

Kama inakuletea huzuni, kuvimba tumbo au maumivu ya matiti, sema. Aina inaweza kubadilishwa, kapsuli inaweza kuwekwa ukeni chini ya uangalizi wa daktari, au kitanzi kikatumika. Usiiache ukaendelea na estrojeni. Na krimu za projesteroni za kupaka ngozini zinazouzwa kama za asili hazilindi mji wa mimba.

Hatua ya 5: Anza chini, ngoja, rekebisha

Mwanzo wa kawaida ni kibandiko cha 25 hadi 50, jeli ya kubonyeza mara moja au mbili, au kidonge cha miligramu 1. Joto hupungua ndani ya wiki chache, lakini nguvu kamili ya dozi huonekana kati ya wiki 8 na 12. Ukiongeza dozi kila wiki mbili kwa kukosa subira, utaishia juu kuliko ulivyohitaji.

Miezi mitatu ya kwanza andika kila siku mistari miwili tu: joto lilikuja mara ngapi, ulilalaje, damu ilikuwepo au la. Daktari atafanya uamuzi bora kwa daftari hilo kuliko kwa kumbukumbu yako. Joto likiwa bado kali baada ya miezi mitatu, dozi hupandishwa ngazi moja. Matiti yakiuma, kichefuchefu na kichwa visipoisha, hushushwa ngazi moja. Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha estrojeni na projesteroni kwa pamoja hutajua kipi kimekusaidia.

Estrojeni ikifika kiwango cha juu, kama kibandiko cha 100, projesteroni nayo mara nyingi hupandishwa. Hili husahaulika, kwa hiyo uliza wewe. Kama vibandiko vya juu havikusaidii kabisa, hapo kupima estradioli kwenye damu kuna maana: huenda ngozi yako hainyonyi.

Matumizi ya kila siku

Kibandiko hubandikwa chini ya kitovu, kwenye paja au tako, kamwe si kwenye matiti. Ngozi iwe safi, kavu, isiyo na mafuta. Kandamiza kwa kiganja kwa sekunde kama kumi, na hamisha sehemu kila unapobadilisha. Chagua siku zako, mathalani Jumatatu na Alhamisi, na uzishike. Kikidondoka, bandika kingine, lakini siku ya kubadilisha ibaki ileile.

Jeli ipake kwenye mkono wa juu au ndani ya paja, tandaza eneo kubwa bila kusugua sana, iache ikauke dakika tano, na usioge kwa saa moja. Nawa mikono. Mtoto asiguse ngozi hiyo kabla ya saa moja kupita. Estrojeni huhamia kwake.

Ukisahau kidonge na hazijapita saa 12, meza. Zikiwa zimepita, kiache na uendelee kesho. Usimeze viwili kwa pamoja. Ukikosa usiku mmoja wa projesteroni unaweza kuona matone. Endelea na ratiba.

Ukipangiwa upasuaji mkubwa, mwambie daktari wiki kadhaa kabla, hasa kama unameza vidonge.

Damu: ipi ya kawaida, ipi ya kuchunguzwa

Kwenye mfululizo, matone katika miezi 3 hadi 6 ya kwanza ni ya kawaida. Damu inayoendelea baada ya miezi 6, au inayorudi baada ya kukauka kabisa, ichunguzwe kwa picha ya altrasaundi kupima unene wa utando, na pengine kuchukua kipande kidogo cha kupima. Kwenye mzunguko, ripoti damu inayokuja nje ya wakati wake au iliyozidi. Usikae nayo ukiona aibu.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, pumzi ikikatika ghafla, kifua kikibana, upande mmoja wa mwili ukilegea au maneno yakipinda, ondoa kibandiko au acha vidonge na ukimbilie hospitali saa hiyohiyo.

Ukavu ukeni una ratiba yake

Kama shida yako ni ukavu, maumivu ya tendo la ndoa au maambukizi ya mkojo yanayojirudia, huenda huhitaji homoni za mwili mzima. Tembe ya ukeni ya estradioli mikrogramu 10 huwekwa kila usiku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki. Pete ya ukeni ya dozi ndogo hukaa siku 90. Kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana, kwa hiyo projesteroni haihitajiki. Dalili hizi haziishi zenyewe kama joto linavyoisha, hivyo matumizi ya miaka mingi yanaruhusiwa. Tembe au pete hizi zinaweza pia kutumika pamoja na kibandiko.

Mimba bado inawezekana

Homoni hizi si za uzazi wa mpango. Endelea kujikinga kwa mwaka mmoja baada ya hedhi ya mwisho kama una zaidi ya miaka 50, na miaka miwili kama uko chini ya hapo. Kama huwezi kujua hedhi yako ilikoma lini, jikinge hadi miaka 55.

Kuendelea na kuacha

Baada ya ukaguzi wa miezi mitatu, rudi kila mwaka: presha, uzito, matiti, damu, na swali la kama bado unazihitaji. Hakuna mwaka maalumu wa kukomea. Hatari kwa matiti, kwa wanaotumia estrojeni na projesteroni pamoja, hukua kadiri miaka inavyoongezeka, na hilo lizungumzwe wazi kila mara.

Ukiamua kuacha, unaweza kuacha kwa mara moja au kwa ngazi. Baada ya miezi michache matokeo hufanana. Ngazi hufanya wiki za mwanzo ziwe nyepesi: kibandiko cha 50, kisha 37.5, kisha 25, kila kimoja kwa miezi miwili au mitatu. Mifupa huanza tena kupoteza uimara, kwa hiyo uliza kuhusu kuilinda. Katika muda wote huo projesteroni inabaki hadi estrojeni imeondoka. Kama uko kwenye mzunguko, maliza siku zako 12 za mwisho hata baada ya kubandua kibandiko. Damu itakayokuja siku chache baadaye inatarajiwa. Itakayokuja miezi kadhaa baada ya hapo, hata tone, ipeleke kwa daktari.